Kisiwa cha Kapteni Pruitt

Bwana Haskett alitoa tena kidaftari chake akaandika kitu, na Marlys nusura amwage mchuzi wa nanasi mapajani mwa mteja.

Hii ilikuwa Jumapili ya tano mfululizo. Mtu yule huja peke yake, hukaa chini ya sanamu kubwa la mti lenye meno nje, hula nyama yake ya nguruwe polepole na kumsikiliza baba yake Marlys akisimulia habari za kisiwani. Kisha huuliza. Mchanga ulikuwa wa rangi gani? Wenyeji walivua kwa nyavu au kwa mikuki? Halafu huandika.

Nje, theluji ya Ohio ilifika magotini. Ndani ya mkahawa wa baba yake Marlys, mvua ya bomba ilinyesha kwenye mabati juu ya kaunta kila baada ya nusu saa. Marlys alikulia humo. Meno ya kwanza yalimwota akitafuna mashada ya maua ya plastiki, na kuhesabu alijifunza kwa vile vimwavuli vya karatasi vinavyochomekwa kwenye vinywaji. Kwa miaka kumi na mitano aliamini kwamba yote hayo yalitoka kwenye kisiwa cha Pasifiki alikopigana baba yake, Kapteni Pruitt, wakati wa vita.

Ila wiki sita nyuma, akitafuta cheti chake cha kuzaliwa, alikuta karatasi za jeshi. Orville Pruitt, mpishi, kambi ya Kansas, katikati ya bara, miaka mitatu. Ukapteni hakuwa nao. Hata bahari hakuwahi kuiona.

Hakumwambia mtu.

"Baba, yule bwana anaandika nini?" aliuliza jikoni.

"Labda ni wa gazeti." Baba alinyoosha kola ya shati lake la maua. "Tutapata tangazo la bure. Peleka sahani hizo, mama, zinapoa."

Gazeti. Mji mzima ungesoma.

Baba alisimama katikati ya ukumbi akaanza habari ya karamu ya ufukweni, jinsi chifu alivyomvisha maua na wazee wakacheza mpaka jua likachomoza. Muuza magari mmoja, ambaye glasi tatu zilikuwa zimeshamkolea, akainua mkono.

"Kapteni, kisiwa chenyewe kinaitwaje? Shemeji yangu alikuwa jeshi la majini. Anasema anavijua vyote."

Watu wakacheka. Baba akanyoosha tena kola yake.

"Jina lake gumu kidogo."

"Gumu, au halipo?"

Kicheko kikafifia. Shingo ya baba ikaiva. Bwana Haskett akasukuma kiti chake nyuma, akainuka.

Marlys alitua sinia kwenye meza ya watu akaenda kusimama mbele ya Haskett. "Tafadhali, mzee," alinong'ona. "Si mbele ya watu."

Haskett akampisha kwa upole, akapita.

"Jina hatukupewa," alisema. "Kwenye ramani zetu kilikuwa na namba tu. Nilitua pale na kikosi changu, na ni vilevile anavyosema Kapteni. Endelea, Kapteni. Chifu akasemaje?"

Muuza magari akainamia glasi yake. Baba alimtazama Haskett, kisha akaendelea, kwa sauti ndogo kuliko ya kawaida.

Marlys alimwahi Haskett mlangoni, mzee akivaa koti.

"Hukuwa naye," alisema.

"Sikuwa naye."

"Lakini huko ulikokuwa wewe, kulikuwa hivyo?"

Haskett alihangaika na kifungo cha juu. Kifungo kikakataa, akakiacha.

"Hapana, binti," alisema. "Lakini nina wanangu wawili wa kiume nyumbani. Kila Jumapili jioni hunikalisha chini, wananiuliza vita vilikuwaje."

Akatia kidaftari mfukoni, akavaa kofia.

"Leo nitawasimulia hii ya karamu."