Kitanda cha Barafu

Nilikuwa nabadilisha barafu chini ya maiti ya mama simu ilipotetemeka mfukoni. Barafu tuliinunua kwa mke wa askari anayeuza samaki kule Base, kambi ya jeshi, na ilikuja na magamba yake. Moja lilinata kwenye kiwiko cha mama. Nikalibandua kwa ukucha.

Ilikuwa siku ya nne. Mjomba alikataa jeneza lifungwe kabla kaka yangu mkubwa, Mwepu, hajafika kutoka Ulaya. Mwepu mwenyewe alitupigia akilia, akasema theluji imezuia ndege.

Nikafungua simu. Mwepu ameweka picha mpya, watu wote waione. Amelala chali juu ya kitanda cha barafu, ndani ya hoteli iliyojengwa kwa theluji tupu, huko kaskazini kabisa. Anacheka. Hata glasi aliyoinua ni ya barafu. Chini ameandika: "Likizo tamu! Usiku wa pili."

Harufu ya samaki ikanipanda puani.

Nikamwonyesha mjomba. Aliitazama ile picha mpaka kioo kikazimika.

"Huyu njo mutoto wa dada yangu?"

"Njo yeye, yomba."

Akatoka mlangoni, akatema mate, akarudi na nyundo. Tukamfuta mama maji, tukamlaza kwenye jeneza, tukaweka kifuniko.

Simu ikalia. Mwepu.

"Baridi iko mingi, ndege hairuke. Mungoje kidogo tu."

Sikukata simu. Niliilaza juu ya kifuniko, nikampa mjomba msumari wa kwanza.