Upande wa Ndani wa Foronya

Mama mkwe aliingiza mkono ndani ya foronya niliyoitarizi akaipindua, na moyo wangu ukalipuka paa!

Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ni fundi cherehani. Wengine husifu maua. Yeye huanza na upande wa nyuma, kwenye mafundo na ncha za nyuzi, maana husema uongo wa fundi hulala huko.

Nje nilitarizi waridi. Ndani, kwenye bitana, nilikodhani hakuna jicho litakalofika, nilitarizi mwanamke mtu mzima, uchi wa mnyama, amelala chali, mkono wake mwenyewe katikati ya mapaja, anacheka kwa raha. Pajani nilimwekea baka la kuungua, kwa uzi wa kahawia.

Baka lile nililijua. Mama mkwe alipovunjika mkono, mimi ndiye niliyemwogesha mwezi mzima.

"Vipi, Mama, mkweo anaiweza kazi?" mume wangu aliuliza, akinyoosha mkono. "Hebu na mimi nione."

Mama mkwe aliikunja foronya, akaikalia.

"Nenda kaniletee maji, baba. Na huo mlango uufunge."

Mlango ulifungwa. Mama mkwe aliitoa foronya, akaitandaza magotini, akapitisha ukucha juu ya baka, taratibu, kama anayetafuta pa kuanzia kuchana.

"Huyu ni mimi."

Nilitazama sakafu.

Alipandisha gauni lake, akajitazama pajani, kisha akaitazama foronya.

"Langu liko kushoto," alisema. "Fumua hapa tu."