Karatasi ya Bhajia

Karani alikuwa amebakiza bhajia mbili alipouona mwandiko wake mwenyewe chini ya chatne ya ukwaju.

Akasogeza bhajia kwa kidole. Lo! Ombi lake la likizo ya wiki tatu, lile ambalo bosi kila siku humwambia, "Linashughulikiwa, vuta subira."

"Mama, karatasi hizi unazitoa wapi?"

"Si ofisini kwenu, mwanangu?" muuzaji akajibu, akigeuza bhajia. "Mfagizi wenu huniletea gunia zima."

Karani akailamba ile chatne taratibu, mpaka mhuri ukajitokeza: IMEKUBALIWA. Mwisho wa likizo, tarehe 22.

Leo ilikuwa tarehe 22.

Akavua tai, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mama, nifungie nyingine, pilipili usinionee huruma. Niko likizo mpaka saa kumi."