Moto wa Buluu

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa nje akiandaa minyororo ya kulivuta gari la marehemu baba. Lilikuwa linazimika ovyo, na mafundi walishakata tamaa.

“Baba watoto, mwachie,” alisema mke wangu. “Limebaki kuzikwa tu.”

“Hebu funga mlango wa gereji.”

Alipoufunga, giza likatanda ndani. Niliwasha injini, nikafungua boneti, nikanyunyizia nyaya za plagi maji kidogo.

Cheche za buluu zikachomoza kwenye nyufa za nyaya, zikatambaa juu ya chuma, nyembamba kama nywele. Injini ikakohoa, ikazima.

“Umeme unavujia hapo,” nikasema.

Mke wangu alikuwa ameachama.

“Kumbe ni nyaya tu? Washa tena nione,” alinong’ona, akaenda kutia komeo mlangoni.