Goti Halina Mdomo

"Sikilizeni miili yenu," alisema Kitundu, akipita polepole kati ya mikeka. Wakimbiaji walikuwa wamelala chali, magoti wameyakunja, mikono tumboni. Zamani alikuwa kocha wa mbio; siku hizi anafundisha pilatesi, mazoezi ya taratibu ya kunyoosha na kuimarisha mwili, na kupumua, ili watu wakimbie bila kuumia.

Akafika mkeka wa mwisho. "Inua mguu wa kushoto, dada. Taratibu. Ukiuma, acha. Mwili haudanganyi."

Mguu haukuinuka. Mwanamke alichomoa mfukoni kitambaa chekundu kilichopauka, akampa.

"Ulinifunga hiki gotini mwenyewe, kocha, asubuhi ya mbio za mkoa. Nilikwambia goti linaniuma. Ukasema goti halina mdomo, kimbia."

Kitundu alikigeuzageuza. Fundo alilolifunga lilikuwa bado zima. Mkasi wa hospitali ulikuwa umekata kando yake.

"Mwajabu," alinong'ona.

"Endelea kufundisha. Wenzangu wanakungoja."

Akaligeukia darasa. "Vuteni pumzi," alisema.

Vifua vyote vikapanda, vikasubiri aseme washushe. Kitundu alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, kidole gumba kikihangaika na lile fundo.