Gurudumu Lililonyamaza

Katika stesheni ile, magurudumu ya treni yalikaguliwa na watu wawili wenye nyundo, mmoja kila upande. Wa huku akigonga lake, wa kule humjibu kwa kugonga la kwake. Akinyamaza, ujue kasikia ufa.

Mchana huo mwanagenzi Sikudhani alikuwa peke yake. Fundi Mapunda wa upande wa pili, aliyeweza kusikia ufa hata akiwa anakoroma, walikuwa wamemzika juzi. Akagonga gurudumu la kwanza: ngeng! Upande wa pili nako: ngeng!

Nusura nyundo imponyoke. Akachungulia chini ya behewa. Hakukuwa na mguu wa mtu.

"We binti, unayakagua au unayaamkia?" alifoka stesheni masta. "Upande mmoja unatosha leo! Abiria wanaiva humo ndani!"

Akaendelea, jasho likimtiririka, na kila gurudumu likajibiwa, mpaka akafika la mwisho. Hapo pakawa kimya. Akagonga tena. Kimya.

Sikudhani akainua bendera nyekundu.

"Si limelia vizuri hilo?"

"Hili ndiyo, bwana. La kule halijajibu."

"Alijibu nani? Nisipokuta ufa, kazi huna!"

Masta akampokonya nyundo, akazunguka upande wa pili. Akagonga. Ikatoka sauti butu, kama ya chungu kilichopasuka.

"Mungu wangu," alisema masta.

Sikudhani hakumsikia. Kule mbele, kwenye behewa la kwanza, nyundo nyingine ilikuwa imeanza kugonga upya, polepole, ikisubiri kujibiwa, na yeye mikono mitupu.