Kanga Kichwa Chini

Mashine ilipomaliza kunakili postikadi ya stesheni, Mwanamkuu aliikuza picha kwenye kompyuta. Maktaba ilikuwa ikiziweka mtandaoni postikadi zote za zamani za mji, na kila moja ilihitaji maelezo.

Kwenye benchi la stesheni, mwanamke aliyefumba macho alikuwa amemlalia begani mwanamume mwenye kofia. Yule mwanamume alikuwa baba yake Mwanamkuu, enzi za ujana wake.

Jina la kanga ya mwanamke lilikuwa kichwa chini. Mwanamkuu akaigeuza picha, akasoma: NITARUDI NIKIITWA. Kipande cha pili cha doti hiyo kilikuwa nyumbani. Ndicho alichobebewa utotoni.

"Mama yako nilimsindikiza mwenyewe," baba alizoea kumwambia kila alipouliza mama yuko wapi. "Alijifunga kanga yake, akapanda treni, akanipungia mkono."

Lakini hakuna mwanamke wa mji huu anayejifunga kanga jina likiwa kichwa chini, hata nyumba ikiwaka moto. Ile ilifungwa na mwanamume, na aliyefungwa hakuweza kumrekebisha.

Mlango ukalia. Baba alikuwa amekuja kumchukua, kama kila jioni.

"Shikamoo, baba. Namalizia."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione hiyo."

Akavuta kiti, akaketi karibu naye. Aliitazama ile picha iliyopinduliwa, kanga ikisomeka vizuri.

Kisha, taratibu, akanyoosha mkono akaanza kumtengenezea bintiye ushungi.